Asiyetupa Karata Usimpigie Mkwara

Mwaka 2003 mhasibu mmoja kutoka Tennessee, Marekani, aitwaye Chris Moneymaker, alishinda mashindano makuu ya dunia ya poka mjini Las Vegas na kuondoka na dola milioni 2.5. Wachezaji walikuwa 839. Yeye tiketi yake aliipata kwa kushinda mashindano madogo ya mtandaoni ambayo kiingilio chake hakikufika dola 100. Walipobaki wawili, mpinzani wake alikuwa Sammy Farha, mchezaji wa kulipwa. Farha alishika jozi ya tisa, na mezani hapakuwa na karata iliyozidi tisa. Moneymaker alikuwa na mfalme na saba, rangi imemkataa, mfuatano umemkataa, mkononi hana kitu. Akasukuma chipu zake zote mbele. Farha aliwaza kwa muda mrefu, kisha akatupa karata zake.

Mkwara ule umetazamwa na mamilioni ya watu, na umewaharibia mchezo wengi wanaocheza kwa simu leo. Wanaukumbuka ujasiri wa Moneymaker, wanasahau kwamba ulifaulu kwa sababu Farha ni mtu anayeweza kutupa jozi. Katika mashindano ya shilingi 2,000 au ya dola moja, usiku wa Jumamosi, mezani kwako hayupo Farha. Yupo mtu aliyelala kitandani huku jicho moja liko kwenye mpira. Yupo aliyejiunga jana. Yupo anayejiambia kuwa ameshalipa, kwa hiyo lazima azione karata zote tano. Hao ndio wacheza holela, na ndio wengi wa wapinzani utakaokutana nao kwa kiingilio hicho, uwe umekaa Sirari, Nyamongo au Mugumu. Kuwashinda kunawezekana kabisa, ila kwa njia ambayo vijana wengi huiona haina raha: unasubiri, ukipata unamtoza, na mkwara unauweka kando.

Nianze na kusubiri. Katika poka ya kawaida ya mtandaoni kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, na karata tano za wote huwekwa wazi mezani: tatu kwa pamoja, kisha ya nne, kisha ya tano. Michanganyiko ya karata mbili za mwanzo ni 1,326, na sehemu kubwa ni takataka. Jozi ya aina yoyote huja mara moja katika mikono 17 kwa wastani. Jozi ya ree huja mara moja katika 221. Meza ya mtandaoni ikigawa mikono 60 kwa saa, utaona jozi tatu au nne kwa saa, na jozi ya ree unaweza kumaliza mashindano mazima hujaiona. Aliyezoea drafti hupata taabu hapa, maana kwenye drafti ukikaa bila kushambulia unafungwa. Poka ya meza za holela hukulipa kwa kutupa mikono saba au minane katika kila kumi, na kuangalia wenzako wanavyocheza ile mingine.

Mwanzoni mwa mashindano, madau ya lazima (lile dogo na lile kubwa ambayo wachezaji wawili huyaweka kabla ya karata kugawiwa) yakiwa bado madogo, ingia na jozi kubwa, ree na mfalme, ree na malkia, mfalme na malkia za rangi moja. Ukiwa wa mwisho kucheza ongeza chache: ree na kumi, malkia na ghulamu. Kucheza mwisho kuna thamani kubwa kwa sababu unaamua ukiwa umeshaona walichofanya wengine. Mkono unaotupwa ukiwa wa kwanza unaweza kuchezwa ukiwa wa mwisho. Wacheza holela hawajali suala hili hata kidogo, wanacheza karata zilezile kila kiti, na hapo pekee unawazidi kabla hata karata za mezani hazijafunuliwa.

Ukiingia, ingia kwa kupandisha, na pandisha zaidi ya kiasi ambacho vitabu vinasema. Dau kubwa la lazima likiwa 50, wengi hupandisha hadi 125 au 150. Kwenye meza ya watu wanaofuata kila kitu nenda 200 au 250, na ongeza 50 kwa kila mmoja aliyekwisha ingia kabla yako. Sababu iko kwenye hesabu ya wingi wa watu. Jozi ya ree ikipambana na mkono mmoja wa kubahatisha hushinda kama mara 85 katika 100. Ikipambana na miwili hushuka hadi 73, mitatu 64, minne 56, na ukiwaruhusu watano waingie kwa bei ya bure, jozi bora kuliko zote inashinda chini ya nusu. Watu huja kulalamika kwamba ree zao huvunjwa kila siku. Ukiuliza, utakuta walipandisha kidogo, wakafuatwa na meza nzima. Lengo la kupandisha sana siyo kuwafukuza wote. Unataka mmoja abaki, wawili wakizidi, na walipe bei nzito wakiwa na karata duni.

Karata tatu zikishafunuliwa na wewe una mkono mzuri, tuseme jozi ya juu yenye karata nyingine nzuri pembeni, weka dau. Weka tena kwenye karata ya nne. Mara nyingi weka na kwenye ya tano. Hapa ndipo pesa yote ya mashindano madogo ilipo, na hapa ndipo wachezaji wenye akili hujinyima kwa woga. Wanaona jozi yao, wanaogopa mwenzao asije akawa na zaidi, wanapitisha. Mcheza holela naye anapitisha kwa furaha, anapata karata bila kulipa, na ikimkubali anawanyang'anya.

Chukua mfano wenye namba. Karata nne ziko mezani, fungu lina chipu 600. Wewe una jozi ya mfalme, mwenzako ana karata nne za kopa akihesabu na za mezani, anangoja ya tano. Kopa zilizobaki ni 9 kati ya karata 46 ambazo hazijaonekana kwake, yaani karibu asilimia 20. Ukiweka 400, anatakiwa alipe 400 ili agombee 1,000; ili afuate bila hasara anahitaji nafasi ya karibu asilimia 29, naye hana. Atafuata tu, kwa sababu ni mcheza holela, na kila akifuata atapoteza wastani wa chipu 125 hivi hata kama leo kopa imetoka. Sasa ukiweka 100 kwa woga, analipa 100 kugombea 700. Anahitaji asilimia 12 na nusu, anazo 20. Umempa mchezo wa faida, tena bila yeye kujua hesabu yoyote. Fungu ni lilelile na karata ni zilezile, ila ukubwa wa dau lako umegeuza nani anamlipa nani.

Hesabu ya haraka ya kichwani ni hii: hesabu karata zinazoweza kumwokoa mtu, zidisha kwa 2 kama imebaki karata moja, zidisha kwa 4 kama zimebaki mbili. Karata 9 za rangi ni kama asilimia 18 kwa moja, 36 kwa mbili. Karata 8 za mfuatano ulio wazi pande zote ni 16 na 32. Haikosei kwa kiasi cha kukudhuru. Kwa wafuataji, dau la theluthi mbili ya fungu hadi robo tatu ndilo ninalolipendekeza kwa mikono mizuri, na ukiwa na mkono mzito sana weka sawa na fungu lote. Mchezaji makini angeshtuka kuona dau kubwa ghafla. Mfuataji haangalii ukubwa wa dau, anaangalia karata zake mbili na kujiuliza kama anazipenda.

Kwenye karata ya tano kuna faida ndogondogo nyingi zinazoachwa. Una jozi ya juu, mwenzako amefuata mara mbili, karata ya mwisho haina madhara. Weka nusu ya fungu. Atakufuata na jozi ya pili, jozi ya tatu, wakati mwingine na ree tupu mkononi. Ukipitisha kwa kuogopa, umeacha chipu ambazo yeye alishaamua kukupa.

Basi mkwara uuache? Karibu wote, ndiyo. Ukiweka dau la nusu ya fungu bila kitu mkononi, linahitaji lifaulu mara moja katika kila tatu ili usipate hasara. Ukiweka sawa na fungu, mara moja katika mbili. Wakiwa wawili mbele yako na kila mmoja hutupa nusu ya mara, wote wawili kutupa kwa pamoja ni robo tu. Na mcheza holela hatupi nusu ya mara. Ukishaona amefuata hadi mwisho na jozi ya nne mara mbili tatu, umepata jibu lake. Mkwara unaobaki na maana ni mmoja: ulipandisha kabla ya karata za mezani, amefuata mtu mmoja tu, karata tatu zimetoka kavu, kama mfalme, saba na mbili za rangi tofauti. Weka theluthi ya fungu mara moja. Akifuata, acha. Usiweke ya pili kwa hasira wala ya tatu kwa kujitetea.

Jambo lingine linalowagharimu hata wachezaji wazuri ni kutomwamini mfuataji anapobadilika. Mtu amekaa saa nzima akifuata tu, hajapandisha hata mara moja. Karata ya nne inatoka, wewe una jozi ya ree, unaweka dau, na ghafla anapandisha mara tatu. Watu hufuata kwa kusema, "Huyu hucheza chochote." Kweli hufuata na chochote, lakini kupandisha kwake ni jambo jingine kabisa. Mtu wa namna hii anapopandisha kwenye karata ya nne au ya tano ana jozi mbili, au tatu za aina moja, au mfuatano umekamilika. Tupa ree zako. Inauma, na ndiyo chipu unazookoa zitakazokufikisha kwenye zawadi. Mimi naamini ujuzi huu wa kutupa jozi kubwa mbele ya mtu mpole aliyeamka una thamani kuliko mikwara yote unayoweza kujifunza.

Wapo wacheza holela wa aina ya pili, wale wanaopandisha kila mkono na kuweka zote kila dakika. Kwao mambo yanageuka. Usimwekee dau mtu anayekuwekea wewe mwenyewe. Ukiwa na mkono mzuri, pitisha, mwache aweke, fuata. Mwache aweke tena, fuata tena. Anajitoza mwenyewe. Akiwa anaweka zote kwa kila karata, usingoje ree. Jozi ya tisa, au ree na ghulamu, iko mbele ya mkono wa kubahatisha kwa umbali wa kutosha. Ila tazama nani bado hajacheza nyuma yako, maana si wote walio holela, na mtulivu aliyekaa kimya nyuma ndiye mwenye jozi ya malkia. Programu nyingi za poka hukuruhusu kumwekea mchezaji alama ya rangi au maandishi mafupi. Zitumie tangu mkono wa kwanza: rangi moja kwa wafuataji, nyingine kwa wapandishaji. Baada ya mwezi utakuwa unawafahamu watu wengi, kwa sababu mashindano madogo hurudiwa na watu walewale.

Mashindano ambayo mtu anaruhusiwa kununua chipu upya katika saa ya kwanza ndiyo yenye uholela mkubwa kuliko yote. Watu huweka zote bila kutazama karata, wakiporomoka wananunua tena. Ingia humo ukiwa umeshaamua utanunua mara ngapi, na isizidi moja zaidi ya kiingilio. Muda ule wa kununua upya ukiisha, wale waliosukuma huogopa ghafla, na kwa kama nusu saa meza inakuwa ya kawaida. Badilika nao.

Jozi ndogo zina sheria yake. Jozi ya nne au ya sita hupata mwenzake wa tatu kwenye karata tatu za kwanza mara moja katika kila mara nane na nusu hivi. Ikipata, mfuataji atakulipa chipu zake zote. Kwa hiyo ingia kwa bei ndogo mapema, mradi wewe na yeye mna chipu angalau mara 15 ya hiyo bei. Haikutokea? Tupa, bila majadiliano. Karata mbili ndogo za rangi moja ndizo zinazowadanganya wengi: rangi kamili kwenye karata tatu za kwanza hutoka chini ya mara moja katika 100. Ukiwa wa mwisho na kuna watu wengi ndani kwa bei ndogo, sawa. Vinginevyo zipite.

Madau ya lazima hupanda kila dakika chache, na ndiyo maana subira ina mwisho. Gawanya chipu zako kwa dau kubwa la lazima. Ukiwa na 3,600 na dau ni 400, una madau 9. Chini ya 10 hakuna tena kupandisha kidogo na kuona itakavyokuwa. Unaweka zote au unatupa. Kupandisha hadi 1,000 kisha kutupa mtu akikuwekea zote ni kuchoma zaidi ya robo ya mali yako kwa mara moja. Vitabu vya poka hufundisha kwamba ukiwa wa mwisho na chipu chache, weka zote na karata nyingi, hata dhaifu, kwa kuwa wengine watatupa. Fundisho hilo ni sahihi mbele ya watu wanaotupa. Aliyekaa kwenye dau kubwa akiwa ni mfuataji, atakufuata na mfalme na tatu kwa sababu anataka tu kuona. Basi ondoa zile karata ndogo za kufuatana, baki na jozi zote, ree yoyote, na picha mbili. Na kumfuata mtu aliyeweka zote kunahitaji mkono mzito kuliko ule ambao wewe ungewekea zote, kwa sababu anayeweka ana njia mbili za kushinda, mwenzake kutupa au karata zake kushinda, na anayefuata ana moja.

Sasa nafika mahali ambapo nadhani faida kubwa ya mwanafunzi mwangalifu imejificha: pale karibu na mstari wa zawadi. Tuseme meza moja ya watu 10, kiingilio shilingi 2,000 na ada kidogo ya mwendeshaji. Zawadi jumla ni 20,000: wa kwanza 10,000, wa pili 6,000, wa tatu 4,000. Mmebaki wanne, kila mmoja ana chipu sawa. Kwa haki ya hesabu kila mmoja "ana" shilingi 5,000. Mmoja anaweka zote, wewe unafikiria kufuata. Ukishindwa, unatoka na sifuri. Ukishinda, una nusu ya chipu zote za meza. Lakini nusu ya chipu haiwi nusu ya pesa, kwa sababu hata wale wawili waliobaki wameshahakikishiwa chao. Ukikokotoa nafasi yako ya kuwa wa kwanza, wa pili na wa tatu, thamani yako mpya ni kama shilingi 7,670. Unahatarisha 5,000 ili uongeze 2,670. Kufuata kunahitaji uwe na uhakika wa kushinda kwa asilimia 65, na si 50 kama wengi wanavyodhani.

Angalia maana yake mezani. Ree na mfalme dhidi ya jozi ndogo ni karibu nusu kwa nusu. Mkono ambao ungeufuata kwa furaha saa ya kwanza, hapa unautupa, labda mtu huyo awe amekuwa akiweka zote kila mkono. Wacheza holela hawajui hesabu hii. Wanne wakibaki, watagongana wao kwa wao kwa ree na tano dhidi ya mfalme na tisa. Wewe ukitulia, mara nyingi utaingia kwenye zawadi bila kucheza mkono. Ila kutulia siyo kulala: kama wewe ndiwe unayeweka zote, na wanaobaki nyuma yako ni wale wachache wanaojua kuogopa, weka, tena kwa karata nyingi. Hapo ndipo mkwara unapopata makazi yake.

Mkibaki wawili, sahau ukali wa mwanzo. Ree yoyote ni mkono mkubwa, mfalme yeyote ni mzuri, jozi yoyote unayoipata na karata ya mezani ni ya kuwekea dau. Mfuataji mkibaki wawili anaendelea kufuata, kwa hiyo kanuni ya kumtoza inabaki ileile, ila kwa mikono dhaifu zaidi.

Mazingira yetu nayo yana mambo yake. Ukikatika mtandao katikati ya mashindano, programu hutupa karata zako na madau ya lazima yanaendelea kukatwa kila zamu. Kwa hiyo simu iwe imejaa chaji kabla umeme haujafanya yake, na laini ya pili yenye bando iwe tayari. Poka haili data nyingi kama video. Inachohitaji ni mtandao usiokatika. Ukiwa Sirari, simu hushika minara ya Kenya kwa upande wa Isebania, na zipo kampuni zinazokagua mahali ulipo. Chagua mtandao wako kwa mkono kwenye mipangilio kabla hujaanza, usije ukafungiwa akaunti ukionekana umevuka mpaka. Angalia pia saa. Mashindano yaliyoandikwa saa 18:00 za ulimwengu ni saa tatu usiku kwetu, yanafaa. Yaliyowekwa kwa Wamarekani wakitoka kazini huanza kwetu saa tisa usiku. Mwenye zamu ya asubuhi mgodini North Mara, au dereva anayepeleka wageni hifadhini alfajiri, ayaache kabisa. Uchovu hufuata karata ambazo akili ingetupa.

Kabla ya yote, hakikisha unacheza kwa kampuni yenye leseni. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania ya 2003 iliunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ambayo ndiyo hutoa leseni, na umri wa kucheza ni miaka 18. Kama huna umri huo, cheza kwenye meza za chipu za bure; mambo yote niliyoandika hapa yanaweza kufanyiwa mazoezi humo, isipokuwa kwamba uholela ni mkubwa zaidi. Na usichanganye mchezo huu na dubwi, ile mashine ya kamari. Dubwi limepangiwa ndani yake kiasi cha kubaki nacho, hakuna subira itakayolibadilisha. Kwenye poka anayekosea ni binadamu mwenzako, lakini mwendeshaji huchukua ada kwa kila kiingilio, kwa hiyo kuwa bora kidogo tu hakutoshi. Wengi wanaocheza hupoteza.

Hata mchezaji mzuri hutoka mikono mitupu mara nyingi kuliko anavyopata zawadi. Ree zako zitavunjwa na mkono wa kubahatisha mara moja katika kila saba, na zinaweza kuvunjwa mara tatu usiku mmoja. Kwa sababu hiyo usiingie mashindano ambayo kiingilio chake kinazidi sehemu moja ya 50 ya fedha ulizotenga kwa mchezo; moja ya 100 ni bora zaidi. Una 100,000 ya kuchezea? Kiingilio chako ni 1,000, kisizidi 2,000. Fedha hiyo iwe ile ambayo ikipotea yote hakuna mtoto atakayekosa ada, hakuna mbegu ya mahindi itakayokosa kununuliwa, na hakuna ndama atakayepelekwa mnadani. Nasema hili kwa uzito wote, kwa kuwa nimewaona vijana wanaojua hesabu vizuri wakimalizwa na kiingilio kikubwa kuliko mfuko wao. Ukivunjwa vibaya na ukahisi damu inapanda, maliza mashindano uliyomo, usifungue mengine usiku huo.

Andika kwenye daftari kila kiingilio, ada, na zawadi, pamoja na makato ya kuweka na kutoa kwa simu, kwa sababu kwenye viingilio vidogo makato hayo yanaweza kumeza faida nzima. Baada ya mashindano 200 ndipo namba zitaanza kukuambia kitu. Chini ya hapo ni bahati inayosema. Na fedha usiziache kwa mwendeshaji. Aprili 15, 2011 serikali ya Marekani iliyafungulia mashtaka makampuni makubwa ya poka mtandaoni, ikabainika kuwa Full Tilt, mojawapo ya makubwa zaidi duniani, haikuwa na fedha za kuwalipa wachezaji wake. Wachezaji wa Marekani walianza kulipwa mwaka 2014. Ukishinda, hamishia sehemu kubwa kwenye simu yako siku hiyohiyo, na uache kwenye akaunti viingilio vya wiki moja tu.